Mfuko Usio na Sura

Kabla stika hazijaja, mkurugenzi wa benki ya damu alikuwa mtu wa kawaida tu, mwenye kitambi cha kawaida na majivuno ya kawaida. Alifika kazini jua likiwa limeshachoka kumsubiri, akasalimia watu kwa kidole kimoja, akajifungia ofisini. Mambo yangebaki hivyo, pengine angestaafu kwa amani na kuzawadiwa saa ya ukutani. Lakini ikaletwa mashine ya mwanga, na kichwa kikamvimba.

Mashine yenyewe haikuwa na kosa, tuseme haki. Damu inayotolewa na watu ilikuwa inapimwa siku zote, na vipimo vilikuwa vizuri. Ila kirusi ni mjanja. Mtu akikipata juzi, leo akaja kuchangia damu, kipimo kinaweza kukitazama usoni kisikione, kwa kuwa bado hakijawa kingi mwilini. Hapo ndipo mashine ilipoingia. Plazma, yaani yale maji ya manjano yanayobaki chembe nyekundu za damu zikishaondolewa, hutiwa dawa maalumu ndani ya mfuko, mfuko ukalazwa bapa juu ya sinia ya kioo, kisha mwanga mkali ukaumulika juu na chini. Dawa na mwanga vikikutana, kirusi kinavurugwa ndani kwa ndani, hakizaani tena. Sharti lilikuwa moja tu, na liliandikwa kwa herufi kubwa ubavuni mwa mashine: mfuko uwe mtupu, usibandikwe kitu. Maelezo yote yaning'inie shingoni mwake kwa kikaratasi, kwa sababu penye kivuli kirusi kinabaki kizima, na mfuko ukiinuliwa kinasambaa kwenye plazma yote.

Mashine ikawekwa kwenye chumba chenye ukuta wa kioo ili wageni waione. Na wageni walikuja kweli: wa wizara, wa mashirika, wanafunzi wa vyuo, na hata umoja wa wake wa wakubwa, waliokuja na viatu vya kupigia picha. Kila mgeni alimtazama mkurugenzi kwa adabu, halafu akaitazama mashine kwa mapenzi. Jambo hilo lilimkaa rohoni. Yeye ndiye aliyebembeleza, akapanga foleni kwenye milango ya wakubwa, akanywa chai za mikutano mpaka tumbo likamsokota, kisha sifa zote ziende kwa sanduku la chuma? Alikaa akalifikiria jambo hilo wiki nzima, kisha akampigia mpiga picha.

Stika zilikuja kwa maboksi. Kila moja ilikuwa na ukubwa wa kiganja cha mtu mzima, imejaa uso wa mkurugenzi pembe hadi pembe, meno yote nje, kidole gumba juu, na chini yake maneno mawili: Salama Kabisa. Wafanyakazi wakampa jina la Bwana Tabasamu siku hiyohiyo, ingawa walilitamka kwa kunong'ona, maana kila mtu alikuwa na watoto wa kusomesha.

“Sasa hizi zinabandikwa wapi?” aliuliza mkuu wa maabara kwenye kikao. Alikuwa daktari aliyesoma naye darasa moja tangu ujana, kwa hiyo hakumwogopa. Alikuwa amemchoka tu.

“Kwenye mfuko, Dokta. Katikati kabisa.”

“Baada ya mwanga?”

“Kabla! Mgeni anasimama pale kwenye kioo, anataka kuona sura ikiingia kwenye mwanga. Ukitoka tu, mfuko unakimbizwa kwenye friza. Humo kwenye friza nani ataniona?”

“Mkurugenzi, chini ya stika mwanga haufiki.”

“Mwanga ni mwanga. Kwangu chumbani nina pazia zito, na jua linaniamsha vilevile.”

Kikao kikacheka. Bwana wa ugavi, aliyesimamia uchapishaji, alicheka mpaka akapangusa macho, akasema mkurugenzi angefaa kuwa mwanafizikia. Basi kilemba cha ukoka kikavaliwa na kikakaa sawasawa. Mkuu wa maabara alifunga kalamu yake, akatazama dari.

Aliyekataa waziwazi alikuwa mashine. Siku ya kwanza, mfuko wa kwanza wenye stika ulipoingia, kengele ikalia kama ya zimamoto na taa nyekundu ikawaka. Mfuko ukatolewa, ukaingizwa mwingine. Kengele ikalia tena. Kila tabasamu lilipolazwa kwenye sinia, mashine ilipiga mayowe, na wageni nyuma ya kioo wakarudi nyuma wakikanyagana viatu. Fundi akaitwa. Akaikagua kwa makini, akasema mashine ni nzima wala haina ugonjwa, inachokataa ni hiyo picha.

Mkurugenzi alikasirika kama mtu aliyetukanwa hadharani, na kusema kweli alikuwa ametukanwa. Akaamuru waya wa kengele ukatwe kwa kuwa unawasumbua wageni. Ikabaki taa nyekundu, inayokonyeza kila mfuko unapopita. Hiyo nayo ikapatiwa dawa. Bwana wa ugavi aliifunika kwa stika.

Mkuu wa maabara hakubishana tena kikaoni. Alichukua mfuko wa majaribio, akatia ndani virusi visivyodhuru mtu, vile vinavyotumika kujaribia mashine, akabandika stika na kuupitisha kwenye mwanga. Kisha akapima. Alipopata jibu alikwenda ofisini kwa mkurugenzi, akafunga mlango, akabaki amesimama.

“Pembeni vimekufa,” alisema. “Chini ya sura yako vimepona, vinastarehe.”

Mkurugenzi alikuwa anachagua tai. Mgeni rasmi alitarajiwa mwezi ule, mtu mkubwa kutoka ng'ambo, aliyeahidi mashine nyingine mbili kama ataridhika na hii.

“Nimekusikia, Dokta. Akishaondoka mgeni, tunaziondoa zote. Neno langu hilo.”

“Na mifuko inayokwenda wodini kabla hajaja?”

“Si inapimwa? Vipimo vitashika.”

“Kama vipimo vingekuwa vinashika kila kitu, mashine tuliiomba ya nini?”

“Dokta, tusitiane presha. Mwili wako wenyewe unahitaji kupumzika, naona.”

“Nitaandika wizarani.”

“Andika. Barua zote za wizarani zinapitia mezani kwangu.” Akainua tai mbili. “Ya bluu au hii?”

Mkuu wa maabara alitoka bila kuchagua. Mkurugenzi akavaa ya bluu, akasahau. Alikuwa na kipaji hicho, cha kusahau jambo likiwa bado limesimama mlangoni, na ndicho kilichomfikisha alipofika.

Asingekumbuka kabisa kama mama yake asingeteleza bafuni.

Mama yake alikuwa mzee wa maneno mengi na mifupa dhaifu. Aliteleza kwenye sabuni aliyoidondosha mwenyewe, akavunjika nyonga, akaletwa hospitali iliyokuwa ng'ambo ya uwanja, mkabala na benki ya damu. Daktari wa upasuaji alimtazama, akatikisa kichwa. Dawa za moyo alizokuwa anakunywa zilikuwa zimeifanya damu yake iwe nyepesi mno. Wakimpasua hivyohivyo, itatoka bila kuganda.

“Tumwongezee plazma kwanza, ndipo tumwingize chumba cha upasuaji,” alimwambia mkurugenzi kwenye korido. “Na leo leo. Nyonga ya mzee haingoji. Bahati nzuri, plazma ni ya kwenu, imepita kwenye mwanga. Wewe ndiye wa mwisho kuwa na wasiwasi.”

“Kabisa,” mkurugenzi alisema.

Alisogea dirishani, akapiga simu maabara.

“Dokta, mama yangu anahitaji plazma.”

“Pole sana. Iko tele,” sauti ya mkuu wa maabara ilisema. “Yote ina sura yako.”

Kule uwanjani, wafanyakazi walikuwa wanapaka chokaa mawe ya bustani kwa ajili ya mgeni rasmi.

“Ile ya zamani,” mkurugenzi alisema kwa sauti ya chini. “Ile ya kabla ya stika. Haijabaki?”

“Imebaki mifuko miwili kwenye friza, chini kabisa. Kundi linamfaa.”

“Niwekee. Iyeyushe, nakuja kuichukua mwenyewe.”

“Nitaiyeyusha. Na wagonjwa wengine wa wodi hiyo, niwawekee ipi?”

“Hilo tutalizungumza, Dokta.”

“Najua,” alisema, na simu ikakatika.

Huku nyuma, mama yake alikuwa amekwisha kuiteka wodi. Ilikuwa wodi ya wanawake, vitanda sita, na nyonga iliyovunjika haikuwa imemgusa mdomo. Alikuwa ameelezea jinsi mwanawe alivyozaliwa kwa shida, jinsi alivyotembea mapema kuliko watoto wa mtaa mzima, jinsi alivyokuwa hapendi kupigwa picha akiwa mdogo, na sasa tazameni. Nyuma ya simu yake alikuwa amebandika stika moja. Ikapita kitanda hadi kitanda.

Kitanda cha jirani alilala mwalimu wa shule ya watoto wadogo, mwanamke mpole aliyefanyiwa upasuaji wa ini. Juu yake, kwenye stendi ya dripu, mfuko wa plazma ulikuwa unadondosha tone baada ya tone, na katikati ya mfuko mkurugenzi alikuwa anacheka, kidole gumba juu.

“Ndiye huyuhuyu!” mwalimu alisema, akilinganisha simu na mfuko. “Jana nilikuwa naogopa, mama. Unajua tena, damu ya mtu usiyemjua. Nilipouona uso wake hapo juu nikajisikia vizuri. Nikasema huyu hawezi kutuletea kitu kibaya.”

“Hawezi!” mama akasema. “Nimemlea mwenyewe. Na mimi leo naletewa wangu, utaona. Mimi ndiye nitakayepata ulio bora kuliko yote.”

Mkurugenzi aliingia wodini amekumbatia mifuko miwili ndani ya koti kama mtu aliyeiba kuku. Wagonjwa wakainua vichwa. Mmoja akapiga makofi. Alitoa mfuko mmoja haraka, akampa nesi, akajisogeza ili mgongo wake uzibe.

“Tundika, sista. Haraka tu, daktari anasubiri.”

Nesi alitundika. Mama yake akainua macho, tayari na tabasamu lake la mzazi, akatazama mfuko upande huu, akatazama upande ule. Tabasamu likafa.

“Mbona huu mtupu?”

“Ni uleule, mama.”

“Uleule vipi? Sura yako iko wapi?”

“Mama, sura si dawa. Kilicho ndani ndicho muhimu.”

“Sitaki.” Akauvuta mkono wake chini ya shuka. “Mwalimu ana sura yako. Yule pale dirishani ana sura yako. Yule hata hatumjui, kaletwa jana hajitambui, ana sura yako! Halafu mimi niliyekuzaa ndiyo unaniletea mfuko wa mitumba?”

Wodi ikacheka. Mkurugenzi naye akajaribu kucheka, kikatoka kikohozi.

“Sista,” mama akasema, “nenda kaniletee wenye sura.”

“Upo mmoja hapa kwenye toroli, bibi,” nesi akasema, akafurahi kusaidia. Aliushika mfuko juu, na mkurugenzi akajiona akipelekwa kwa mama yake, meno yote nje.

“Usimwekee huo!”

Ilimtoka kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. Nesi akasimama na mfuko mkononi. Kicheko cha wodi kikakatika palepale.

“Kuna nini?” mama akauliza.

Mkurugenzi alitazama mlango. Aliufikiria. Angeweza kusema mfuko ule ni wa kundi lingine la damu, lakini nesi alikuwa na macho na kikaratasi kilikuwa shingoni mwa mfuko. Angeweza kusema ni utaratibu, neno lililomwokoa maisha yake yote ya kazi, lakini mama yake alikuwa mtu pekee duniani ambaye neno hilo halikumfanyia kitu. Daktari wa upasuaji akachungulia, akagonga saa yake kwa kidole, akatoweka. Jasho lilimteremka mkurugenzi hadi kwenye tai ya bluu.

Akainama sikioni kwa mama yake, akamwambia. Alimwambia kwa mnong'ono, kwa maneno machache, huku mkono umeziba mdomo.

Kosa lake lilikuwa kusahau jambo ambalo kila mtoto wa nyumba ile alilijua. Mama yake hakuwahi kutunza siri ikafika jioni. Hakuwa na ubaya. Jambo likimwingia sikioni, lilitokea mdomoni kwa nguvu maradufu, ili ahakikishe amelisikia vizuri.

“Ati stika inaziba mwanga?” mama akasema, na wodi nzima ikasikia. “Ati chini ya sura yako virusi havifi?”

“Mama, tafadhali.”

“Na ulijua?”

Mkurugenzi alirekebisha tai yake.

“Nakuuliza wewe. Ulijua leo, au ulijua zamani?”

“Tulikuwa tunasubiri mgeni aje kwanza,” mkurugenzi alisema. Neno hilo ofisini lilikuwa na maana nzuri kabisa. Hapa, kati ya vitanda sita, lilisikika la aibu, na yeye mwenyewe alilisikia.

Mama yake alimtazama. Alikuwa ameshawahi kumtazama kwa hasira mara nyingi, alipovunja vyombo, alipodanganya shuleni, alipooa bila kumwambia. Safari hii haikuwa hasira. Alimtazama kama mtu aliyefungua mlango wa nyumba yake akakuta mgeni amekaa sebuleni.

“Umeniletea mingapi hiyo mitupu?”

“Miwili, mama.”

“Na humu tuko wangapi?”

Mkurugenzi hakuhesabu. Mama hakumsubiri ahesabu. Alinyoosha mkono wake mkavu, akaelekeza kidole kwenye stendi ya jirani, ambako plazma ilikuwa bado inadondoka tone baada ya tone kwenye mkono wa mwalimu.

“Funga ule.”

“Mama, sista ata...”

“Sista hakujibandika pale. Wewe, kaufunge.”

Bwana Tabasamu akaenda. Hakuwa ameshika mrija wa dripu tangu enzi za ujana wake, na vidole vyake vilipapasa vikitafuta kile kigurudumu kidogo cha kufungia. Alikipata, akakizungusha mpaka matone yakakoma. Ili kukifikia ilibidi asimame uso kwa uso na mfuko, pua kwa pua na yule jamaa mchangamfu wa Salama Kabisa. Kwenye kitanda cha dirishani, mgonjwa mwingine alikuwa ameshaufunga wake mwenyewe, anavuta plasta kwa kucha. Nesi alikuwa ameuweka chini ule wa toroli na anapangusa mikono kwenye aproni, ingawa haikuwa imelowa.

Mwalimu hakupiga kelele. Aliutazama mkono wake, pale sindano ilipoingilia, kisha akamtazama mkurugenzi. Sauti yake ilikuwa ileile anayowaulizia watoto wadogo nani amemwaga rangi.

“Huu umeufunga,” alisema. “Na ule wa jana? Niliuwekewa wote.”

Mkurugenzi alitazama dirishani, ambako mawe ya bustani yalikuwa yameanza kung'aa kwa chokaa, na bango la kumkaribisha mgeni rasmi lilikuwa linapandishwa kwa kamba, uso wake mwenyewe ukipanda nalo polepole.

“Mjibu mwalimu,” mama yake alisema nyuma yake. “Si ulitaka watu wakuone? Haya baba, tunakuona.”